Karata, mchikichi na kiti cha jirani

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama hapa Baraka. Kamati imeomba yaandikwe katika gazeti letu kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani siku ile, na kwa wafadhili wetu walio mbali. Tumepunguza marudio, lakini lugha ya mdomo tumeiacha.)



Kamati imenipa nafasi niseme juu ya ule mchezo wa karata. Najua maneno yametembea. Kuna anayesema: "Watu hawana mbegu, ninyi munacheza karata." Kuna anayesema kwamba ile meza yetu ni korti ya siri. Na kuna mfadhili mmoja aliyeuliza kama tunaweza kuchapisha karata hizo mia tano, zitembee toka Mboko mpaka Misisi, kisha tumpelekee picha na hesabu ya watu waliocheza. Hayo yote ni maneno ya kujibiwa. Nitaeleza mchezo wenyewe ni nini, umetoka wapi, na tuliujaribu namna gani. Halafu nitaomba kitu, na ninyi mutaamua.

MCHEZO USIO NA MSHINDI

Munajua bao. Munajua dama ya vifuniko vya chupa. Munajua karata za chini ya mwembe. Michezo hiyo yote ina mshindi na mshindwa, na mwisho wake kuna mtu anainuka anacheka na mwingine anasema "turudie".

Huu wetu ni wa namna nyingine. Watu wanne au watano wanazunguka karatasi moja kubwa, wanasimulia hadithi moja kwa pamoja. Kila mtu ana zamu. Akifika zamu yake anavuta karata, karata inamuuliza swali, naye jibu lake linaingia katika hadithi na katika ramani iliyo mezani. Hakuna anayeshinda. Hadithi ikifika mwisho, mchezo umekwisha.

Michezo ya kusimulia ya mezani ina historia yake. Mwaka 1974 huko Marekani watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Mule mtu mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mmoja anashika nafasi ya mtu wa kubuni, na dadu zinaamua kama jambo limefaulu ao hapana. Ulienea dunia nzima. Baadaye wakaja watungaji wadogo, wasio na kampuni kubwa, wakaanza kutunga michezo midogo juu ya mambo mengine kabisa: familia, msiba, kijiji, kuachana. Wanaiandika wenyewe, wanaijaribu na majirani, wanaiuza wenyewe.

Mmoja wa hao ni Avery Alder wa Kanada. Mwaka 2013 alitoa mchezo unaoitwa The Quiet Year, maana yake mwaka wa utulivu. Nataka niueleze kidogo, kwa sababu mwenye kuusikia hapa Fizi atafikiri umeandikwa juu yetu. Ni jamaa ya watu waliotoka katika vita virefu. Adui ameondoka. Wana mwaka mmoja wa kujijenga. Wachezaji wanachora ramani ya mahali pao, na wanatumia karata za kawaida, zile zile za kuchezea: karata 52, kila karata ni wiki moja, na kila rangi ni majira moja ya mwaka. Ukivuta karata unapata swali. Halafu unachagua jambo moja: kugundua kitu kipya na kukichora, kuanzisha kazi, ao kuitisha mazungumzo.

Na mazungumzo yana sheria kali. Kila mtu anasema mara moja tu, sentensi moja ao mbili, basi. Hakuna kujibizana, wala hakuna uamuzi unaotolewa. Tena kuna vikete vidogo katikati ya meza: ukiona jamaa imefanya jambo bila kukujali, unachukua kimoja, unakiweka mbele yako. Husemi neno, lakini wote wanaona. Mfalme wa shupaza akivutwa, mwaka umekwisha, hata kama kazi zenu hazijakwisha. Hakuna anayejua atavutwa wiki gani.

Kijana mmoja wetu aliyesomea Kigoma ndiye aliyetuletea maelezo ya mchezo huo. Tuliusoma pamoja, tukasema: mifupa ni mizuri, lakini nyama itakuwa yetu. Baridi ya theluji hapa haipo. Hapa kuna kiangazi, kuna mvua, kuna wiki za giza ambapo taa zinajaa ziwani na ndagala ni nyingi, na kuna wiki za mbalamwezi ambapo wavuvi wanashona nyavu.

SISI PIA TUNA MASHINA

Asidhani mtu kwamba kitu hiki ni cha kizungu kitupu. Babembe wana lubunga, mahali pa wazee kukaa na kusikilizana juu ya jambo. Kila kabila hapa kwetu lina njia yake ya kukalisha watu. Na hadithi za jioni ni zetu: mtoto anategwa kitendawili, asipojua anatoa mji ndipo anaambiwa jibu. Huo nao ni mchezo wa maneno wenye sheria.

Tena wengi wenu munakumbuka maigizo ya miaka ya kurudi. Mwezi wa kumi 2005, HCR ilipoanza kuvusha watu kwa meli toka Kigoma mpaka hapa Baraka, mji ulijaa watu wa kambi za Nyarugusu na Lugufu, na wenyeji waliokuwa wamebaki. Kulikuwa na mambo mengi ya kusemezana. Search for Common Ground, ile munayoiita Centre Lokole, ilifanya maigizo ya namna ambayo watazamaji wanaruhusiwa kuingia. Waigizaji wanaonyesha ugomvi, wanausimamisha pale unapowaka, kisha wanauliza: "Nani atakuja hapa mbele, ashike nafasi ya huyu, atuonyeshe angefanya nini?" Njia hiyo ilienezwa na Mbrazili Augusto Boal katika miaka ya 1970, na imesaidia watu katika nchi nyingi.

Igizo lina nguvu yake. Lakini linataka uwanja, linataka waigizaji, na anayekubali kusimama mbele ya umati ni yule ambaye tangu zamani haogopi kusema. Mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni hasimami. Mezani watu ni watano tu. Zamu itamfikia hata kama hakuiomba, na atajibu juu ya mtu wa hadithi, si juu yake mwenyewe. Hiyo njo faida tuliyoitafuta.

KARATA ZETU ZIKO NAMNA GANI

Tuna karata ishirini na nne, mbili kwa kila mwezi. Zimekatwa katika makaratoni ya sabuni, zimeandikwa kwa biki, na kila moja ina picha ndogo, maana si wote wanaosoma. Mwaka wetu unaanza mwezi wa saba, kiangazi, kabla ya mvua za kupandia. Ramani ni nyuma ya kalenda ya zamani. Vikete ni maharage.

Nitawasomea chache.

"Mtumbwi umeleta mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Ni nani? Nani anafurahi, nani anageuza uso?"

"Mtoto aliyezaliwa kambini hajui lugha ya babu yake. Sokoni anaulizwa: wewe ni wa wapi? Anajibu nini?"

"Mzee aliyejua mipaka ya mashamba amefariki. Alimwambia nani?"

"Wiki ya giza, ndagala ni nyingi, lakini nyavu ni moja. Nani anaingia ziwani?"

Na hii, ambayo sasa inajulikana kuliko zote: "Shamba lina michikichi iliyopandwa kabla ya vita. Chini yake kuna muhogo wa mtu mwingine. Ngazi zimeiva. Nani anakata?"

Munacheka. Munacheka kwa sababu munajua. Mti ni alama. Aliyepanda mchikichi alikuwa anasema "hapa ni pangu, na pa watoto wangu". Muhogo ni wa mwaka ao miwili, lakini mwenye muhogo naye ametoa jasho. Na sheria ya nchi, ile ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo ni mali ya Serikali. Juu ya haki za ardhi za kimila, sheria hiyo hiyo ilisema zitapangwa kwa amri ya Rais, na miaka mingi ilipita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo mwenye mchikichi hana karatasi, mwenye muhogo hana karatasi, na wote wawili wana mashahidi. Karata moja ya karatoni imebeba mambo hayo yote.

KUJARIBU NI KUNYAMAZA

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe, maana kuandika karata si kazi kubwa. Unaweza kuzimaliza jioni moja. Kazi ni kuzijaribu.

Watungaji wa michezo wana desturi moja ambayo tuliifuata. Aliyetunga anakaa pembeni na kaye yake, ananyamaza. Watu wakikwama, hawasaidii. Wakielewa sheria vingine, hawakatazi. Anaandika tu: hapa waliuliza, hapa walicheka, hapa mmoja alitoka nje, hapa waliruka sheria bila kujua. Mchezo ukiisha, anauliza maswali mafupi: nini kilikuchosha? Ni wapi ulitaka kusema ukashindwa? Haulizi kama wameupenda. Kwa adabu yetu, kila mtu atasema ameupenda.

Tulijaribu meza nne. Ya kwanza hatukuweka sheria juu ya nani acheze kama nani. Tuliacha wazi makusudi, ili tuone watu watafanya nini. Kila mtu alicheza kama yeye mwenyewe. Aliyerudi alisema ya waliorudi, aliyebaki alisema ya waliobaki. Baada ya nusu saa hadithi ilikuwa imekwisha, pale mezani palikuwa korti. Katika kaye niliandika: "Hakuna anayesimulia, wote wanajitetea."

Meza ya pili tukaweka sheria ya viti. Aliyekimbia vita anachukua kiti cha aliyebaki. Aliyebaki anachukua kiti cha aliyerudi. Mzee anachukua kiti cha mtoto aliyezaliwa kambini. Na kijana anakuwa mzee.

Hapo mambo yalibadilika. Karata ya mchikichi ilitoka mwezi wa tatu wa hadithi. Mama mmoja, ambaye mwenyewe alikaa Nyarugusu miaka mingi, alikuwa amekalia kiti cha aliyebaki. Alikaa kimya kidogo, akasema: "Nyani walipokuja kung'oa muhogo huu, miye njo niliwafukuza. Mvua ilipobomoa njia, miye nililima peke yangu. Ninyi mumekuja na meli, munauliza ngazi." Baba mmoja, ambaye hakuvuka ziwa hata siku moja, alikuwa na kiti cha aliyerudi. Akamjibu: "Kule hatukuwa na shamba. Hatukuruhusiwa kwenda mbali na kambi. Kila usiku nilihesabu michikichi hii kichwani ili nisisahau idadi."

Ndugu zangu, mezani pale hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa amesema neno la mwenzake, na amelisema vizuri kuliko mwenzake angelisema. Nimekaa katika mikutano mingi juu ya mashamba, tangu mwaka ule wa meli za kwanza. Sijasikia mtu aliyerudi akimtajia aliyebaki kazi yake, wala aliyebaki akitaja usiku wa kambi.

Walimalizaje? Katika hadithi yao walikata ngazi pamoja mara moja, wakagawana mafuta, wakaacha jambo la shamba lenyewe mpaka mvua. Lakini msidhani mchezo unaleta amani kila mara. Meza ya tatu, karata ile ile: mmoja alikata ngazi usiku, mwingine akang'oa muhogo. Meza ya nne waliogopana, hakuna aliyekata, ngazi zikaozea juu. Miisho mitatu, karata moja. Tumeiacha yote mitatu bila kuirekebisha. Mwenye kucheza ajue kwamba hata kuoza ni mwisho unaowezekana.

Na yule mzee aliyepewa kiti cha mtoto? Mwanzo alikataa, akasema yeye hawezi kuwa mtoto. Halafu karata ya sokoni ikamwangukia: wewe ni wa wapi? Alifikiri sana. Akajibu kwa sauti ndogo: "Munaniuliza kila siku. Kule waliniita Mkongo. Hapa munaniita Mtanzania. Niambieni ninyi." Katika meza zilizotangulia, mzee akisema, vijana walinyamaza, hiyo ni adabu na sisi hatutaki kuivunja. Lakini kwa kiti hiki mzee aliheshimiwa na vijana wakasema, yote mawili pamoja.

Maharage nayo yalitufundisha. Mama mmoja hakusema maneno mengi meza nzima. Mwisho tulipotazama, alikuwa na maharage saba mbele yake. Mara saba aliona jamaa imempita. Tulimuuliza zipi, akazitaja zote saba kwa mpangilio. Kama tusingekuwa na maharage, kaye yangu ingeandika: "Huyu hakuwa na la kusema."

JIWE JEUPE

Kuna vita ndani ya hadithi zetu, na vita haina mchezo. Watungaji wa nje wana desturi iliyoanzishwa na John Stavropoulos: karata yenye alama ya X inawekwa katikati ya meza. Mtu akiigusa, jambo lililokuwa linasemwa linaachwa hapo hapo, na haulizwi kwa nini. Sisi tuliweka jiwe jeupe la pwani. Katika meza nne liliguswa mara mbili. Mara zote mbili watu waliruka karata, wakaendelea, na aliyegusa alibaki mezani mpaka mwisho. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Katika mikutano mingine mtu akiumia anatoka, na akitoka harudi.

NENO LILILOTEMBEA SOKONI

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana njo sababu ya ombi langu.

Baada ya meza ya pili, siku chache tu, sokoni kulisikika kwamba mama fulani "amekubali mbele ya watu kwamba shamba si lake". Hakukubali kitu. Alikuwa amekalia kiti cha jirani, akasema maneno ya jirani, kama mchezo ulivyomwomba. Lakini neno likishatoka mezani halina tena kiti. Linakuwa ushahidi. Na munajua kwetu ushahidi wa mdomo una uzito gani, pale ambapo karatasi hazipo. Ilibidi wenzake wanne wa meza waende kwa chefu kueleza, na chefu, tunamshukuru, alielewa.

Kutoka siku ile tuliongeza sheria tatu, na kwangu mimi hizi tatu ni za lazima kuliko karata zote ishirini na nne.

Ya kwanza: jambo lililo mbele ya chefu, ao mbele ya korti, halichezwi. Na mwenye kesi ya shamba la michikichi asivute karata ya michikichi. Itolewe kabla ya kuanza.

Ya pili: ramani inachanwa mezani, wote wakiona. Hakuna picha ya ramani, wala sauti haichukuliwi kwa simu.

Ya tatu: mchezo hautoi uamuzi. Mtu akitaka kuamua jambo la kweli, aende kwa wenye kuamua: wazee, chefu wa lokalite, kamati ya ardhi, korti. Meza inamsaidia aende huku amekwisha kusikia maneno ya mwenzake yanavyokaa mdomoni. Ikipita hapo, inaharibu.

KWA WAFADHILI WETU

Nasema kwa heshima kabisa, maana bila ninyi hata lile godoro la mikutano yetu lisingekuwepo, wala mbegu za msimu uliopita.

Mumeomba kila karata iwe na fundisho mwishoni. Kwa mfano, chini ya karata ya mchikichi iandikwe: "Tugawane kwa amani." Tulijaribu hivyo katika meza moja kwa karata tatu. Niliangalia saa. Karata zisizo na fundisho ziliwachukua watu dakika kumi, nyingine ishirini. Zile zenye fundisho walizisoma, wakasema "ndiyo, ni kweli", wakaweka chini, wakavuta nyingine. Jibu likiwa tayari kwenye karatoni, mtu hana la kuongeza. Anafanya kama mwanafunzi mbele ya mwalimu: anasema kile mwalimu anachotaka, kisha anarudi nyumbani na mawazo yake yale yale.

Mumeomba picha. Picha ya watu wakicheka kuzunguka meza ni nzuri, naielewa. Lakini nyuma ya watu hao kuna ramani, na juu ya ramani kuna mto unaofanana na Mutambala na michikichi inayofanana na ya mtu. Tutawaandikia hesabu: meza ngapi, watu wangapi, karata ipi ilirukwa, sheria ipi ilibadilika. Maneno yenyewe yatabaki mezani.

Na mumeomba mia tano. Karata zikichapishwa, zimekauka. Hapa Baraka, penye samaki na soko, maswali si yale ya Lulimba ao ya mlimani, kwa wafugaji na wakulima. Kule karata ya ndagala haina maana, na karata ya ng'ombe shambani hatujaandika, wala si sisi wa kuiandika peke yetu. Inatakiwa mwenye ng'ombe na mwenye shamba wakae waiandike wote wawili. Afadhali kila mahali wapate karata kumi za kuanzia na karata nyeupe kumi na nne, biki, na mtu mmoja wa kuwaonyesha namna ya kukaa pembeni na kunyamaza.

OMBI

Basi naomba wanachama muamue mambo mawili. Moja, kwamba zile sheria tatu ziandikwe katika kanuni za chama, ili hata mimi nikiondoka zisiondoke. Pili, kwamba tutengeneze seti tano tu kwa mkono mwaka huu, tuziweke kwa watu watano ambao mutawachagua, wanawake wasipungue watatu, na baada ya mavuno warudi hapa na kaye zao kutuambia wameona nini.

Garama ni makaratoni, biki, na chakula cha siku ya mafunzo. Mbegu hatutazigusa. Aliyesema kwamba watu hawana mbegu amesema kweli, na pesa ya mbegu ni ya mbegu.



MASWALI

Mwanachama mmoja aliuliza: mwenye kukataa kukalia kiti cha jirani, afukuzwe? Jibu: hapana. Acheze kiti cha mvua ao cha ziwa. Katika meza ya tatu mama mmoja alicheza ziwa mchezo mzima. Kila zamu yake alisema leo ziwa limetoa nini na limechukua nini, na wengine wakapanga mambo yao kwa kumfuata.

Mwingine aliuliza: vijana wanaofanya kazi machimboni Misisi hawana muda wa saa tatu, je, kuna mfupi? Jibu: chezeni miezi mitatu tu, karata sita. Inatosha saa moja. Lakini viti vibadilishwe vile vile.

Mama mmoja aliuliza: na kama mtu amecheza kiti cha mwenzake vibaya, kwa kumdharau? Jibu: mwenzake yuko mezani, na ana maharage. Halafu mchezo ukiisha, kabla ya kuchana ramani, kila mtu anamwambia aliyekalia kiti chake neno moja: "Hapa umenisema sawa" ao "Hapa hukunijua." Sheria hiyo haikuwepo. Tumeiandika siku hiyo hiyo kwa sababu ya swali lake, na itaanza kujaribiwa meza ya tano.

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Mambo yote mawili yamekubaliwa. Majina ya watakaoshika seti yatapendekezwa katika vikundi vya kila kartie kabla ya mkutano unaofuata.